Kiganja cha Bi Mishi

Sogeeni, wenzangu wenye watoto, na nyinyi wenye wajukuu sogeeni zaidi. Kisa hiki ni cha nyumba moja tu, lakini mkao wake ni wa nyumba nyingi hapa kwetu kusini, na ukikisikiliza vizuri huenda ukasikia sauti ya jiko lako mwenyewe.

Asubuhi nyumbani kwa Bi Mishi, kule Msambweni, zilikuwa nzuri. Ua umefagiwa umebaki na mistari ya ufagio, kuku wamefunguliwa, mbaazi zinachemka kwa tui, na Yusra, mjukuu wa nyumba, ameketi chini kando ya mama yake akiokota mbaazi kwenye sahani. Huokota moja. Huitazama, huipindua, huitia kinywani, hucheka. Halafu hutafuta nyingine. Ukimwona ungedhani ni sonara anachagua lulu za mfalme. Mama yake, Maimuna, angeweza kumtazama hivyo mpaka adhuhuri, kama si kazi iliyokuwa ikimngoja Galu, kwenye hoteli moja ambako alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya wageni.

Mtoto ndiyo kwanza anajua kutembea. Mwembamba alikuwa, hilo kweli, lakini macho yalikuwa meupe na miguu haikutulia.

Basi raha yote hiyo ilikuwa ikivunjika pale tu bakuli la uji linapotokeza mlangoni. Yusra akiliona hufunga mdomo kama duka la Mwislamu saa ya Ijumaa. Hugeuza uso ukutani. Ukimkaribia na kijiko, atakipiga mpaka uji uruke umpate paka, na paka wa nyumba ile alikuwa ameshanenepa kwa riziki hiyo peke yake.

"Haya, mleteni kwa bibi yake," Bi Mishi alikuwa akisema, huku akikunja mikono ya dera lake.

Hapa lazima mzijue sifa za mwanamke huyu. Bi Mishi ni mavyaa wa Maimuna, mama mzazi wa mumewe Jaafar, na kutoka Matuga mpaka Jego hapakuwa na mama asiyesikia habari za kiganja chake. Walisema kulikuwa na mtoto huko Matuga asiyekula chochote ila udongo wa ukutani, akaula ukuta wa jikoni mpaka mama yake akawa anapika huku majirani wanamsalimu kupitia tundu. Akapelekwa kwa Bi Mishi asubuhi, jioni akaomba sima kwa samaki, na ukuta ukapona. Walisema pia kuna mwingine wa Jego aliyeletwa amebebwa kwa mkono mmoja, na wakati wa kurudi wakalazimika kukodi mkokoteni. Bi Mishi mwenyewe hakuzikanusha habari hizi. Alikuwa akicheka, akifuta macho kwa ncha ya leso, na kuongeza kwamba mkokoteni wenyewe ulivunjika gurudumu.

Namna yake ya kulisha ilikuwa moja, aliyoirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Hutandika mkeka, hunyoosha miguu, humlaza mtoto chali juu ya mapaja, kichwa kikabanwa katikati ya magoti. Kiganja cha kushoto hukikunja kama kata ya maji na kukiweka mdomoni mwa mtoto. Mkono wa kulia humimina uji ndani ya kiganja. Mtoto akifunga mdomo, kidole gumba cha kushoto huziba pua. Hapo atafanya nini? Ataufungua apate pumzi, na uji utakwenda na pumzi. Bakuli zima huisha kabla chai ya mlishaji haijapoa. Kisha humwinua, humpiga mgongoni, humbusu, na kumwimbia vizuri mpaka mtoto mwenyewe husahau alichokuwa akililia.

Tusimdhanie mabaya. Hakuwa mkatili. Katika watu wote walioipenda roho ya Yusra, sijui nani angempita bibi yake. Alikuwa akiamka kabla ya adhana kuusaga mtama wa uji ule, asiamini unga wa dukani. Tena alikuwa mavyaa wa aina isiyopatikana. Maimuna alipojifungua, Bi Mishi ndiye aliyemkanda maji ya moto, ndiye aliyemfulia, ndiye aliyewazuia wageni mlangoni ili mzazi alale. Hajawahi kumwambia neno la kumchoma. Wenzake Maimuna kule Galu, wanaposimulia visa vya mavyaa zao juu ya pasi, yeye hukosa cha kuchangia akanyamaza.

Na hiyo hisani ndiyo iliyomfunga. Mavyaa mkali utajibizana naye, mtanuniana, mtapatanishwa na wazee. Huyu wa asali utamjibuje?

Kikohozi kilianza baada ya mvua. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida cha mtoto. Halafu Maimuna akaanza kuona jambo: mtoto akishalishwa, anakohoa; asipolishwa, hakohoi. Na usiku kifua kinalia kama kuna paka amelala ndani yake. Akamfunga mgongoni kwa leso, akamwambia mavyaa anampeleka kupimwa uzito, akaenda kliniki.

Nesi aliyemkuta ni dada mmoja wa bara, anaitwa Cynthia, mchangamfu, mwenye kumwita kila mtoto bosi. Alimweka Yusra kwenye mizani, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, na uchangamfu ukapungua. Akauliza huyu mtoto anakula vipi. Maimuna akaona haya kueleza kwa maneno, akaonyesha kwa mkono: akakunja kiganja, akaweka kidole gumba puani mwake mwenyewe. Nesi akaiweka kalamu chini. Kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, magoti yakagusana.

"Mama Yusra, nisikize vizuri. Huo uji hauendi tumbo peke yake. Mwingine unaingia kwa mapafu. Leo anakohoa, ni bahati. Siku moja hatakohoa."

Maimuna akauliza kama dawa ipo.

"Dawa nitakupea. Lakini dawa kubwa ni kuacha hiyo maneno. Mtoto akae wima, ale na mkono wake, akikataa mngojee. Nani anamlisha?"

"Mama wa mume wangu."

"Basi umwambie leo. Si kesho."

Maimuna akasema atamwambia. Mbele ya nesi neno hilo lilikuwa jepesi kabisa, kama kusema inshallah kwa mtu unayeagana naye njiani.

Lakini njia ya kurudi nyumbani ilimzidi urefu. Kila alipojaribu kupanga sentensi, aliona ile mikono iliyomkanda maji ya moto. Amwambie mwanamke yule kwamba anamdhuru mjukuu wake? Amwambie kuwa sifa zake zote, na mama yake, na bibi yake, ni makosa? Kwetu mkaza mwana hamfundishi mavyaa wake kulea. Hata kumtaja kwa jina haipendezi. Likiwepo neno zito, hupitishwa kwa mtu mwingine, nalo hufika limepozwa.

Basi akampitishia mumewe. Jaafar ni seremala, kazi yake Ukunda, mtu wa mzaha mwingi. Alisikiliza huku akitoa vumbi la mbao kwenye nywele, akacheka. Akamwambia amtazame yeye, na kifua chake, na mikono yake, na amwambie kama anamwona amepungukiwa. Yote hiyo, akasema, ni kazi ya kiganja kile kile. Nesi wa bara anajua nini kuhusu uji wa mtama? Maimuna alipomsisitizia, akasema mambo ya kulisha ni ya wanawake, wayamalize wenyewe, yeye hawezi kwenda kumwambia mama yake namna ya kushika bakuli. Akageukia ukuta akalala.

Siku ya pili yake, Maimuna akajikaza. Alimkuta Bi Mishi kibarazani akichagua mchele, akaketi chini yake, akavuta leso kichwani, akaanza kwa shikamoo.

"Marahaba. Asubuhi umeniamkia, sasa tena? Una nini leo?" Bi Mishi akauliza huku akitabasamu.

"Sina neno, mama. Ni kwamba jana nilimpeleka mtoto kliniki."

"Ee. Wanasemaje?"

Hapa ndugu zangu muangalie vizuri, maana mtoto alipotea hapa, barazani, mchana kweupe, juu ya ungo wa mchele.

"Wanakushukuru sana," Maimuna akasema. "Wanaona mtoto ana mlezi. Wamefurahi. Ila... huo uji, wanasema, kama ungekuwa unakwenda taratibu kidogo. Kwa ajili ya kifua. Kama mwenyewe utaona inafaa, mama."

Bi Mishi aliacha kuchagua mchele, akafikiri kwa dhati, kama mtu anayepokea heshima.

"Taratibu mwenyewe hataki, ndiyo maana tunamshika. Lakini nimewaelewa. Uji ni mzito, unamkwama. Nitaufanya mwepesi uteremke bila taabu. Wamesema kweli hao, hata mimi nilikuwa nimeliona hilo."

Maimuna akasema ahsante, mama. Akainuka. Alikuwa ameufunga ujumbe ule kwa nguo nyingi za adabu, moja juu ya nyingine, mpaka aliyepokea akapokea nguo tu, ndani hamna kitu. Na uji tangu siku hiyo ukawa mwepesi kama maji, na maji yanajua kupita pahali ambapo uji mzito haupiti.

Zikapita siku. Dawa zikaisha, kikohozi kikapungua, Maimuna akajiambia labda nesi alizidisha. Mtu anayeogopa kusema hutafuta kila dalili ya kumruhusu anyamaze, na dalili hazikosekani kamwe. Kule Galu alikuwa akipiga pasi na kujiahidi: nikipumzika Jumapili nitamwambia. Jumapili ikifika huwa na wageni. Nyingine Bi Mishi anaumwa na mgongo, si vizuri kumwongezea. Nyingine kuna harusi.

Ikafika Jumapili moja ambayo haikuwa na kitu chochote. Hapakuwa na mgeni wala mgonjwa wala harusi. Yusra alikuwa na mafua, pua zimeziba, anapumulia mdomo. Maimuna alikuwa jikoni kwenye mbuzi, anakuna nazi, na kupitia mlango alimwona mavyaa wake anatandika mkeka. Akamwona ananyoosha miguu. Yusra akaliona bakuli, akaanza kulia, akakimbilia kwenye dera la bibi yake huyo huyo kujificha, maana hakuwa na mwingine wa kumkimbilia pale uani.

Maimuna akaiacha nazi. Sentensi alikuwa nayo. Alikuwa ameifanyia mazoezi tangu alfajiri, fupi, haina mapambo: mama, naomba leo usimlishe. Akafika mlangoni, akashika fremu.

"Mama."

"Naam, mwanangu," Bi Mishi akaitika, akainua uso, uso mwema usiokuwa na mashaka yoyote.

Maimuna akafungua mdomo.

"Niongeze sukari?"

"Iko ya kutosha. Wewe hebu pumzika, wiki nzima umesimama kwenye pasi."

Akarudi jikoni. Alikuwa amekaa tena kwenye mbuzi, hajaikuna nazi hata mara moja, alipokisikia kilio kinakatika. Kilio cha mtoto hupungua, hupanda, hugeuka kwikwi. Hiki kilikatika, kama redio iliyochomolewa.

Alipotoka, Bi Mishi alikuwa amekwisha kumwinua mtoto anampiga mgongoni, kwanza kama kawaida yake, halafu kwa nguvu, halafu kwa kuomba. Uji ulikuwa ukitoka puani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho ya Yusra yalikuwa wazi, yanamtazama mama yake, na hakukohoa.

Jirani yao Mwinga alisikia ukelele, akawasha pikipiki bila viatu. Maimuna akapanda nyuma yake na mtoto kifuani, akimpulizia mdomoni njia nzima bila kujua kama ndivyo inavyofanywa. Hospitali walipokewa kwa haraka, wala hakuna wa kulaumiwa huko. Walihangaika naye. Baada ya muda daktari alitoka nje ya pazia, akavua glovu, na Maimuna akajua kabla hajaambiwa, kwa namna alivyozivua polepole.

Mtoto mdogo hahitaji jeneza. Jaafar alimbeba mikononi, ndani ya sanda iliyoweza kutosha kilemba cha mtu mzima, akatembea naye mpaka makaburini baada ya alasiri. Wenzake walitaka kumpokea njiani kama ilivyo desturi, kila mtu apate thawabu ya kubeba. Hakumwachia mtu. Yule bwana wa mizaha alitembea njia yote ile ameushika mzigo wake kama glasi iliyojaa, na alipoambiwa amteremshe, watu walilazimika kumwambia tena.

Nyumbani wanawake walijaa. Walimzunguka Bi Mishi wakamliwaza kwamba hakuna mjukuu aliyelelewa kama yule, kwamba amana imerudi kwa mwenyewe, kwamba siku ikifika haina kurudi nyuma. Bi Mishi akawa anaitikia kwa kichwa. Siku yake ilikuwa imefika, akasema. Siku yake tu. Maimuna, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye mkeka, aliyasikia maneno hayo akayashika kama mtu anayezama. Yalimfunika mavyaa, na yeye yakamfunika pia. Kadari ni haki, hakuna Mwislamu atakayebisha. Lakini yeye alijua alichoambiwa, na nani, na kwamba alijibu ndiyo.

Hitima ikasomwa, wageni wakatawanyika, Jaafar akarudi Ukunda kwenye randa yake. Bi Mishi akawa mtu wa kukaa. Hakusaga mtama. Hakukuna nazi. Alikaa kibarazani na mikono yake mapajani, na Maimuna aliporudi kazini jioni humkuta vile vile alivyomwacha.

Siku moja ya mapumziko ya Maimuna akaja mgeni. Ni mama mmoja anaitwa Jumwa, ametoka upande wa Kinango, amehamia mtaani juzi, hajui ya nyumba ile. Mgongoni ana mwanawe Chengo, mdogo kidogo kuliko Yusra. Akaamkia vizuri, akaeleza kuwa mtoto anatema kila kitu, sima anatema, maziwa anatema, na yeye kila anapouliza anaambiwa nenda kwa Bi Mishi. Kwani si ndiye yeye mwenye kiganja?

Bi Mishi alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaongea kwa sauti yake ya zamani. Akauliza mtoto anaitwa nani. Akamshika shavu. Akasema na huyu naye amekuja kumsumbua mama yake, ngoja, tutamwonyesha. Akainuka mwenyewe akenda kuteleka uji, na Maimuna, aliyekuwa akianika nguo, akaona mgongo ule uliokuwa umepinda ukinyooka. Mtu wa nyumba yake alikuwa anarudi. Ilitosha kunyamaza tu, naye angerudi mzima.

Mkeka ukatandikwa. Chengo akalazwa. Mkono wa kushoto ukaoshwa, ukakunjwa.

"Mama, usimlishe huyo."

Bi Mishi akadhani ni uchungu. "Najua, mwanangu. Kumtazama mtoto kunakuuma. Nenda ndani, mimi namaliza sasa hivi."

"Si hivyo." Maimuna aliidondosha nguo iliyokuwa mkononi, ikaanguka mchangani. "Ukimlaza na kumziba pua, uji unaingia kwenye mapafu. Ndio uliomuua Yusra."

Jumwa akamnyakua mwanawe mapajani mwa Bi Mishi. Bi Mishi akabaki na kiganja kimekunjwa hewani.

"Nani amekwambia?"

"Nesi wa kliniki."

"Lini? Baada ya mazishi?"

Hapo Maimuna angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na ingelikuwa adabu, na ingelikuwa huruma, na mavyaa wake angepata pa kuegemea.

"Kabla, mama. Kifua kilipoanza. Aliniambia nikwambie siku ile ile."

Bi Mishi akakiteremsha kiganja mapajani. Alikuwa akirudi nyuma kwa mawazo, unamwona, anapita siku moja moja akitafuta.

"Ukaniambia wanashukuru," akasema.

"Niliona haya. Hujanivunjia heshima hata siku moja. Sikujua nianzie wapi."

"Ungenitukana." Sauti yake ilikuwa ndogo, haina hasira, na Maimuna angetoa kila kitu ili iwe na hasira. "Ungenitukana tu, mwanangu. Ungelipiga teke lile bakuli. Ningelia, ningekwenda kukusema kwa mama yako, ningekununia mwaka. Na mtoto angekuwepo."

Jumwa aliondoka bila kuaga, naye hakukosea. Chengo, kwa mnaotaka kujua, yu hai. Alikuwa na vidonda mdomoni, alipelekwa hospitali akatibiwa, na sasa anakula sima mwenyewe kwa mkono, nusu mdomoni na nusu kwenye nywele.

Jaafar aliporudi akaambiwa yote, na mama yake akamuuliza swali moja, kama yeye naye alijua. Seremala yule hakupata mzaha wa kutoa. Akajibu kwamba alijua, na alicheka.

Mtaani wamesema Maimuna alimfukuza mavyaa wake. Ni uongo mtupu. Hakuna aliyempandishia mwenzake sauti katika nyumba ile mpaka leo. Kilichotokea ni kwamba wanawake wale walikuwa wamezoea kula sahani moja, tangu Maimuna alipoolewa. Baada ya siku hiyo, sahani ikiwekwa, Bi Mishi humngoja Maimuna aanze, na Maimuna humngoja Bi Mishi aanze, na chakula hupoa katikati yao mpaka mmoja akiinue akitupie kuku. Hawakuweza kumeza wakitazamana. Bi Mishi akaomba ruhusa kwa mwanawe, akahamia Jego kwa kaka yake Sanga. Anaposikia mtoto wa jirani analia wakati wa chakula, huinuka akaenda kusimama nje ya boma mpaka kilio kiishe.

Mafunzo

Mtoto asiyejua kusema ana njia moja ya kusema sitaki, nayo ni kufunga mdomo. Tumsikilize. Tumkalishe wima, tumpe kidogo kidogo, tumwache ashike, amwage, achafue mkeka, mkeka unafulika. Akikataa leo atakula kesho, na akikataa siku nyingi au akikonda, njia ya hospitali tunaijua sote. Lakini tusimlaze chali, tusimzibe pua, tusimmiminie. Akikohoa wakati wa kula, tuache papo hapo. Wazee wetu walilea hivyo na wengi tukapona, ni kweli. Waliozikwa hawapo kusimulia yao.

Na nyinyi wakaza wana, na nyinyi waume zao mnaogeukia ukuta: heshima haikuamrishwa iwe kimya mbele ya hatari. Ukiwa na neno linaloweza kumwokoa mtoto, liseme likiwa uchi. Usilivishe. Anayekupenda atakasirika, kisha atapoa.

Kwetu sisi tuliokwisha kuzeeka nina ombi moja. Wema wetu usiwe ukuta. Tuwaulize vijana wetu, kwa midomo yetu wenyewe, kabla wao hawajapata ujasiri: kuna kitu ninachokosea? Tukishauliza, tukae kimya tungoje jibu, hata likichelewa, hata likiuma.

Haya ndiyo ya nyumba ya Bi Mishi. Aliye na mtoto jikoni sasa hivi, na aende akamkalishe.